Kuku Sebuleni kwa Shangazi

Mama alianza kunificha maji mwaka ule baba alipoleta mashine ya alizeti. Si kwamba tulikuwa na shida ya maji kuliko wenzetu. Mji mzima wa Singida ulikuwa hivyo, bomba lilitoa maji lilipojisikia, na siku nyingine tuliyanunua kwa wenye mikokoteni ya punda. Lakini maji ya nyumba yetu yaliisha kabla ya maji ya jirani, na kila mtu pale nyumbani alijua yanaishia wapi. Yalikuwa yanaishia miguuni pangu.

Nilikuwa natawadha kwa ajili ya swala. Namaliza, naangalia kisigino, najiuliza kama maji yamekifikia. Narudia. Nikifika miguuni mara ya pili naanza kuuliza habari za kiwiko. Narudia tena, na tena, mpaka vidole vinakunjamana na mama anagonga mlango wa bafu akiniuliza kama naoga maiti. Nikishafika kwenye msala wa kuswalia ndiyo balaa lenyewe linaanza, maana sasa sijui kama nimeswali rakaa tatu au nne. Natoa salamu, naanza upya. Kuna siku adhana ya magharibi ilinikuta bado nahangaika na alasiri, na nilikuwa nalia kwa hasira.

Siku hizi hali hiyo ina majina mengi, na nasikia watu wanalipa viingilio kwenda kufundishwa kukaa kimya na kuitazama pumzi yao. Sisi tulikuwa na jina moja tu, wasiwasi, na lilimtosha anayesubiri majibu ya mtihani na lilimtosha anayekaribia kurukwa na akili. Mimi nilikuwa katikati, nikisogea zaidi upande wa pili.

Ilianza na furaha, usicheke. Baba alikuwa karani katika shirika moja la umma. Zilipokuja enzi za ruksa, biashara zikafunguliwa kwa kila mtu, shirika likapunguza watu, naye akapunguzwa, akapewa kiinua mgongo na mkono wa kwaheri. Wenzake wengi walikimbilia mitumba. Yeye alinunua mashine ya kukamua mafuta ya alizeti, akaiweka chumba cha nyuma cha duka alilopanga karibu na soko, kisha akatangaza mbele ya ndugu zake wote kwamba mimi ndiye nitakayeiendesha. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuchaguliwa kuendelea. Wasichana wa mtaani kwetu waliofika hapo walikuwa wanasubiri posa tu. Mimi nilipewa mashine yenye mota, na usiku ule nilishindwa kula kwa furaha.

Tatizo la kupewa kitu ni kwamba sasa unacho cha kupoteza. Zamani, maduka yalipokuwa na rafu tupu na sisi tunapanga foleni ya sabuni, tulilala usingizi mzuri. Sasa mji umejaa redio, betri, vitenge vya kila rangi, na kila mwenye kitu analala jicho moja. Nilianza kuiogopa swichi ya ile mota. Je, nimeizima? Nafunga duka, natembea hadi kwa fundi viatu pale kona, narudi kutikisa kufuli. Nafika tena kwa fundi viatu, narudi. Yule fundi mwanzoni alinicheka, baadaye akaacha, akawa ananisalimia kila nikipita kana kwamba ni mtu mwingine. Kutoka kwenye kufuli wasiwasi ukahamia kwenye udhu, na kutoka kwenye udhu ukaingia ndani ya swala, mahali ambapo nilidhani hakuna kitu kinachoweza kunifuata.

Baba alivumilia mpaka siku ya wakulima wa Kinyangiri. Walikuwa wamekodi lori, wameleta magunia yao ya alizeti toka alfajiri, wako nje kwenye jua na upepo ule wetu wa vumbi, mashine imezimwa, na mwenye mashine yuko uani anatawadha kwa ajili ya adhuhuri. Walinisubiri sana. Mwishowe mzee mmoja akamuuliza baba kwa upole, "Binti yetu kapata msiba?" Laiti angetukana. Ule upole ndio uliommaliza baba.

Jioni alinikalisha sebuleni, mama pembeni ameinamisha kichwa.

"Mwanangu, kesho nakwenda Dar es Salaam kutafuta vipuri vya mashine," alisema. "Nikirudi nakupeleka Tanga kwa ndugu zangu. Watakusomea dua, utapumzika. Mashine nitamtafutia mtu."

"Kwa muda gani, baba?"

"Mpaka upone."

Tanga sikuiogopa. Babu yangu alitoka huko, akaja bara na biashara zake, akaoa Mnyaturu, ndiyo sisi. Nilichoogopa ni lile neno la mwisho. Mguu uliovunjika unapona, kila mtu anauona. Akili nani ataiona? Na msichana aliyepelekwa pwani kusomewa, hata akirudi mzima kama yai, mtaani anabaki kuwa yule aliyepelekwa. Mashine ingekuwa imeshapata mwenyewe. Nilikuwa na muda wa safari ya baba tu, kwenda na kurudi, basi.

Asubuhi yake nilikwenda Mwankoko kwa shangazi, dada mkubwa wa baba. Alikuwa mjane, analima alizeti na vitunguu, anafuga kuku wengi kupita kiasi, na anawafundisha wanawake wa pale mambo ya udhu na swala. Usimfikirie kama bibi mpole wa kwenye hadithi. Watoto wa jirani walizunguka mbali kukwepa ua wake. Nilimwendea kwa sababu nilijua anaandika kombe, maandishi yanayooshwa kwa maji mtu akanywa, na mimi nilitaka kitu cha kunywa. Nilitaka nimeze mara moja yaishe.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mama yako kanieleza yote. Chukua birika lile, utawadhe nikuone."

Birika lilikuwa na maji ya kutosha kutawadha vizuri na kubaki kidogo. Nilinawa, nikafika miguuni, nikamaliza, nikakitazama kisigino, mkono ukaenda tena kwenye birika. Akaninyang'anya. Maji yaliyobaki akaumwagia mche wake wa pilipili.

"Shangazi! Kisigino!"

"Kimefanyaje? Umekiona kikilowa?"

"Nadhani kimelowa."

"Sijakuuliza unadhani nini. Umekiona?"

Sikukiona. Nilikuwa nimekisugua kwa mkono wangu mwenyewe, na sikukiona.

"Ulikuwa wapi?"

"Dukani," nikasema, na ilikuwa kweli. Wakati nanawa mguu nilikuwa nimesimama mbele ya swichi.

"Basi. Mtu aliyeko dukani atashuhudia vipi kisigino kilichoko Mwankoko? Tatizo lako si maji. Hukuwepo."

Sikupewa kombe. Nilimwambia waziwazi kwamba nimefuata kombe, akasema karatasi zimekwisha, na karatasi nilikuwa naziona juu ya kabati. Akaniamuru nikae siku chache, yeye atamtumia mama habari. Nilikasirika sana. Mimi ni mtu wa hasira za karibu hata leo, na siku ile kama si Tanga ningejiondokea.

Mchana tukiwa sebuleni tunachambua maharage, kuku mmoja akaingia, jike la rangi ya majivu. Nikaruka na ufagio. Kuku akapiga kelele, akarukia meza, toka meza akapanda juu ya kabati la vyombo, na kikombe cha kauri kikaanguka kikapasuka. Shangazi aliokota vigae tu, na mimi nikatamani ardhi inimeze. Baadaye kuku yuleyule akarudi. Nikainuka.

"Kaa chini!"

Nikakaa. Kuku akatembea katikati ya chumba akinyanyua miguu kama mgeni wa heshima. Akadonoa karibu na kidole changu. Akatutazama kwa jicho moja, akageuza kichwa akatutazama kwa jingine. Hakuona la maana. Akatoka kwa mlango alioingilia.

"Umeona?" akasema shangazi. "Hukumfukuza, wala hukumtandikia mkeka na kumletea chai. Wewe huo wasiwasi wako unaufanyia yote mawili. Unaufukuza mpaka unapanda juu ya vyombo, halafu ukikuambia rudia, unautii kama baba yako mzazi."

"Na ukirudi?"

"Utarudi. Si kuku huyo? Mwache aingie, ujue ameingia, uendelee na maharage yako."

Maneno yalikuwa mepesi. Kuyafanya ilikuwa kama kushika kaa la moto. Nilipewa birika moja kwa kila swala, na sharti la kuutazama mkono wakati unaoshwa na kuutazama mguu wakati unaoshwa, nisiwe mahali pengine. Nilikuwa natoroka kila dakika. Niko kwenye uso, mara niko dukani, mara niko Tanga nasalimia mashangazi nisiowajua. Nikijikuta huko nijue nimefika huko, nirudi kwenye uso. Basi. Hakuna kujilaumu, alisema, kujilaumu nako ni kumtandikia kuku mkeka. Na maji yakiisha yameisha.

Siku za kwanza nilikuwa mbaya kuliko nilivyokuja. Nasimama kuswali na moyo unanidunda hadi masikioni, jasho linanitoka, kila kiungo kinanipigia kelele kwamba sina udhu, kwamba nacheza na dini, kwamba nitakuja kujibu. Nilimwambia shangazi ananiharibia ibada yangu. Akaniuliza, "Ibada gani? Ile ya kufunga na kufungua bomba?" Akanifundisha kanuni ambayo kila mtoto wa chuo cha Kurani aliisoma na mimi niliisoma nikaipita tu: jambo la yakini haliondolewi na shaka. Ukijua umetawadha na hujui kama umetenguka, basi unao udhu. Ukiwa na shaka kama rakaa ni tatu au nne, shika ile unayoijua, kamilisha, halafu mwishoni usujudu zile sijda mbili za kusahau.

"Dini ilishajua kwamba tutasahau," alisema, huku akimtoa kuku mwingine ndani ya sufuria. "Ndiyo ikatuwekea dawa. Wewe unataka kuwa mtu wa kwanza asiyehitaji sijda ya kusahau. Kiburi hicho, mwanangu, kimevaa nguo ya hofu."

Neno hilo lilinichoma, na bado linanichoma nikilikumbuka.

Sikupona pale Mwankoko. Nataka hili lieleweke, maana hadithi za namna hii hupenda kumponya mtu kabla ya chakula cha mchana. Kilichobadilika ni kidogo: nilianza kuutambua wasiwasi kwa sauti yake. Kila ulipokuja ulikuja na "je, kama". Je, kama hukuzima. Je, kama haikufika. Haukuwahi hata siku moja kuniambia habari ya kitu nilichokiona. Ulikuwa haujui chochote, kazi yake kuuliza tu. Nikaanza kuusikia unavyoingia, na safari nyingine, si zote, nikaendelea na maharage.

Nilirudi nyumbani kumsubiri baba. Baba hakuja. Siku aliyosema atafika ikapita, na nyingine, na sasa nikawa na hofu mbili zinazogombana: naogopa asije akaja, na naogopa asije asije. Kila lori likinguruma barabara ya Manyoni tunatoka mlangoni wote wawili, halafu tunajifanya tumetoka kuanua nguo.

Alifika mchana mmoja baada ya jamaa kuswali alasiri msikitini, mwekundu kwa vumbi tangu kope hadi viatu. Lori lililobeba vipuri vyake lilikuwa limeharibika chini ya mlima wa Kilimatinde. Dereva alibaki na mzigo, yeye akadandia gari nyingine kuja kutafuta fundi. Alikunywa maji akiwa amesimama. Nikampa shikamoo, akaitikia, akasema, "Jiandae. Nikishalipata lori tunaondoka."

Kisha akasema tuswali kwanza, atatuongoza yeye.

Nikachukua birika. Nilijua amesimama kwenye mlango wa uani ananitazama. Hakuna jambo gumu nililowahi kufanya kama kunawa miguu mbele ya baba yangu siku ile. Je, kama kisigino. Nikakitazama kisigino, maji yakapita juu yake, nikayaona yanapita. Nikaweka birika chini lina maji bado. Mkono haukurudi.

Asiyejua nimweleze kidogo. Wanaoswali nyuma ya imamu wanamfuata kila anachofanya. Imamu akikosea, mwanamume aliye nyuma yake humkumbusha kwa kusema "Subhanallah". Mwanamke haongei, hupiga kofi, kiganja juu ya mgongo wa mkono mwingine. Na alasiri yote husomwa kimyakimya, hakuna sauti ya kukuambia mko rakaa ya ngapi. Ni wewe na uwepo wako.

Baba akasimama mbele, mimi na mama nyuma. Rakaa ya kwanza bati la jirani lilipigwa na upepo, nikalisikia, nikajua nimelisikia, nikarudi. Ya pili nikajikuta Tanga kabisa, nimevaa kanga mpya, nikarudi, tukakaa kwa tahiyatu ya katikati. Ya tatu mama alikohoa. Ya nne, nikiwa nimesujudu, mkeka ulininukia mashudu ya alizeti, nikafikiri, haya makapi yatatufuata mpaka peponi, nikarudi. Tukainuka kutoka sijda ya mwisho. Nikakaa.

Baba akasimama.

Mama naye akasimama, nilisikia magoti yake. Nikabaki chini peke yangu, na kuku wote wa Mwankoko wakaingia sebuleni kwa pamoja. Watu wazima wawili wamesimama, wewe mwenye ugonjwa wa rakaa ndiye umekaa. Je, kama ni ya tatu. Je, kama baba yuko sawa, ukampigia kofi, akajua sasa kwamba kweli umeharibika. Utamharibia swala yake. Utakwenda Tanga kesho, hatasubiri hata lori. Moyo ulinidunda hata nikahisi mkeka unadunda. Simama tu, kulikuwa na sauti inasema, simama kama wao, nani atajua?

Lakini bati lilipigwa. Tanga nilikwenda nikarudi. Mama alikohoa. Mashudu yalinuka. Hizo zilikuwa nne na nilikuwepo kwenye zote.

Nikapiga kofi. La kwanza lilikuwa dogo, hata nzi asingeshtuka. Mgongo wa baba haukutikisika. Nikapiga la pili kwa nguvu, na likalia ndani ya nyumba nzima.

Baba alibaki amesimama. Niliona mabega yake yameganda, na kwa muda ule nilikuwa na hakika ya rakaa tu, sikuwa na hakika ya kitu kingine chochote duniani. Kisha mabega yakashuka. Akarudi chini, akakaa. Mama akakaa. Tukasoma tahiyatu, na mwishoni, kabla ya salamu, baba alikwenda sijda mbili za kusahau, paji lake la uso lenye vumbi likigusa mkeka, na sisi tukamfuata.

Alipomaliza hakugeuka haraka. Alikaa ametupa mgongo.

"Nilikuwa Kilimatinde," alisema. "Tangu takbira ya kwanza nilikuwa chini ya lile lori. Ulipopiga ndipo nikakumbuka kwamba tulishakaa katikati zamani."

"Mimi nilikuwa nafikiria mboga," mama akasema. "Nilisimama kwa sababu umesimama."

Baba akageuka. "Ulikuwa na yakini?"

"Ndiyo, baba."

"Haikuwa ule wasiwasi wako?"

"Wasiwasi nao ulikuwepo," nikamwambia. "Ulikuwa unaniambia nisipige."

Baba hakusema habari ya Tanga, si wakati ule wala baadaye, na mimi sikumkumbusha. Alisema tu nivae viatu, fundi wa lori atamfuata baadaye, kuna wakulima wa Ikungi wanakuja asubuhi na mashine haijaguswa wiki nzima, twende tukaiangalie.

Tulikwenda. Tuliisafisha pamoja, nikaiwasha, ikanguruma vizuri kwa kipuri cha zamani, nikaizima. Niliitazama swichi ikishuka. Jua lilikuwa linaelekea kuzama nilipofunga mlango, na nilikiona kidole changu kikibana kufuli. Tukaanza kwenda nyumbani. Tulipofika kwa fundi viatu, wasiwasi ukaingia kama kawaida yake. Nikajua umeingia, nikaendelea kutembea.

Ni baba aliyesimama. Aligeuka akalitazama duka, akasema, "Nisubiri kidogo," akarudi upesi upesi, na kutoka pale kona nilimwona anashika kufuli, analitikisa, anaondoka, anarudi tena kulitikisa. Fundi viatu alimtazama, akanitazama mimi, akainamia kiatu chake.

Baba alirudi akipangusa mikono.

"Limefungwa," alisema.

"Najua, baba," nikamjibu.